Bustani ya Asiye Mjanja: Historia ya Zhuozheng Yuan na Maana ya Mali ya Umma



Katika Kiswahili neno bustani hubeba maana mbili ambazo mara nyingi hatuzitenganishi. Kuna bustani ya mboga, ambayo mtu huimwagilia maji asubuhi ili watoto wapate kula. Na kuna bustani ya maua, ambayo mtu huizuru jioni ili moyo wake upate kutulia. Leo nakualika tuizuru bustani moja iliyoko mashariki mwa China, katika mji wa Suzhou. Jina lake lilitokana na ile maana ya kwanza, na sifa yake ikatokana na ile ya pili. Inaitwa Zhuozheng Yuan. Ina umri wa zaidi ya miaka 500, ukubwa wake ni hekta 5 na kidogo, na tangu mwaka 1997 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na bustani nyingine za mji huo.

Huenda ukauliza: elimu ya uraia inahusiana vipi na mabwawa na mawe ya China? Jibu langu ni kwamba bustani hii ilijengwa na mtumishi wa serikali, ikapewa jina linalohusu utawala, ikapita mikononi mwa wenye fedha na wenye silaha kwa zaidi ya miaka 400, na hatimaye ikawa mali ya umma. Ukiisoma historia yake kwa makini, utakutana na maswali yale yale ambayo raia wa nchi zetu huulizana kila siku. Cheo ni cha nini? Uzuri anaoufurahia mtu mmoja umegharimiwa na nani? Na je, kitu kikiwa cha serikali, kimekwisha kuwa cha wananchi?

Jina lenye fumbo

Mwasisi wa bustani hii aliitwa Wang Xianchen. Aliishi katika enzi ya nasaba ya Ming, iliyotawala China kuanzia mwaka 1368 hadi 1644. Hiyo ndiyo nasaba ambayo merikebu zake, chini ya amiri Zheng He, zilifika pwani ya Afrika Mashariki. Na mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa China kama zawadi. Bandari ya Liujiagang, ambako misafara hiyo ilikusanyika kabla ya kushika bahari, iko karibu na Suzhou. Kwa hiyo mji tunaouzuru leo si mgeni kabisa kwa historia ya wasemaji wa Kiswahili.

Serikali ya Ming iliendeshwa na maofisa waliopatikana kwa mitihani migumu. Wang alifaulu mitihani hiyo, akapewa kazi ya ukaguzi. Wakaguzi walikuwa na wajibu wa kufuatilia mwenendo wa maofisa wenzao na kumwarifu mfalme palipo na uonevu au ubadhirifu. Ilikuwa kazi ya heshima, lakini pia ilikuwa kazi ya hatari, kwa sababu karibu na kiti cha mfalme kulikuwa na chombo kingine chenye nguvu. Chombo hicho kiliitwa Dongchang, yaani Idara ya Mashariki: idara ya upelelezi iliyosimamiwa na matowashi. Towashi ni mwanamume aliyehasiwa, na katika kasri la China watu wa namna hiyo ndio walioruhusiwa kutumika ndani ya nyumba ya mfalme. Wang aligongana na idara hiyo. Alitiwa gerezani, akachapwa fimbo, akateremshwa cheo, akapelekwa kusini ya mbali katika jimbo la Guangdong kufanya kazi ndogo katika kituo cha wajumbe wa serikali. Baadaye alipandishwa tena kidogo, lakini hakurejea katika heshima yake ya awali. Mnamo mwaka 1509 hivi, akiwa amerudi kwao Suzhou, alianza kujenga bustani mahali palipokuwa zamani na hekalu la Wabudha.

Bustani hiyo aliipa jina alilolitoa kwa mshairi wa kale, Pan Yue, aliyeishi zaidi ya miaka 1,200 kabla yake. Katika utungo wake juu ya maisha ya faragha, Pan Yue alieleza wazo kwamba hata mtu asiyefaa kwa mambo ya siasa anao utawala wake: kutunza bustani, kuuza mboga, na kuwahudumia wazazi. Neno *zheng* ni utawala. Neno *yuan* ni bustani. Mgogoro uko katika neno *zhuo*. Watafsiri wengi husema ni unyenyekevu, na kwa hiyo huiita Bustani ya Mtawala Mnyenyekevu. Tafsiri hiyo ina adabu, lakini imepunguza ukali. Kwa Kichina *zhuo* ni kukosa ustadi, kuwa mzito wa mikono na wa akili, kutojua njia za mkato.

Hapa, mwanafunzi mwenzangu, Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha nyingine nyingi, kwa sababu tuna neno ujanja. Mjanja ni mwerevu, na wakati huo huo mjanja ni mlaghai. Tunamsifu mtoto kwa ujanja wake, na tunamlaumu karani kwa ujanja wake, kwa neno lile lile. Basi *zhuo* ni hali ya mtu asiye na ujanja kwa maana zote mbili. Wang alikuwa akisema: nimeshindwa katika serikali kwa sababu sikuwa mjanja, nimebaki na utawala wa miche na maji. Ndiyo maana mimi napenda kuiita Bustani ya Asiye Mjanja. Ni jina la unyenyekevu, lakini ndani yake mna shutuma kwa wale walioendelea kukaa ofisini.

Hata hivyo, msomaji wa historia hapaswi kuridhika na jina. Pan Yue mwenyewe, aliyeyasifu maisha ya mboga, hakuondoka katika siasa. Alijiunga na kundi la wakubwa wa wakati wake, na lilipoanguka aliuawa pamoja na jamaa zake, mwaka 300. Naye Wang Xianchen hakuwa muuza mboga. Mwenye kibanda na matuta matatu ya mchicha haajiri mafundi wa kuchimba mabwawa. Unyenyekevu ulioandikwa juu ya lango la tajiri huhitaji kupimwa, kama vile tunavyopima maneno ya kiongozi anayejiita mtumishi wa watu huku akisafiri na msururu wa magari.

Tuingie ndani

Bustani ya leo ina sehemu tatu: mashariki, kati na magharibi. Mgeni huingia kwa upande wa mashariki, ulio wazi na wenye nafasi kubwa, kisha hufika kwenye kibaraza kirefu chenye paa kinachoitenga sehemu hiyo na ile ya kati. Ukuta wa kibaraza hicho una madirisha yasiyo na vioo, yaliyojazwa nakshi za vigae na chokaa. Kupitia kila dirisha unaona kipande tu cha kilichoko ng'ambo: tawi, kona ya paa, mng'ao wa maji. Unatembea hatua chache, unapewa kipande kingine. Bustani inakualika bila kujianika. Wahenga wetu walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mjenzi wa bustani ya Kichina angekubaliana nao.

Kabla ya milango ya sasa kufunguliwa, sehemu ya kati iliingiwa kwa kichochoro chembamba kilichopita kati ya kuta za nyumba. Mwisho wa kichochoro mgeni alikuta kilima cha mawe kilichomzibia macho. Alilazimika kukizunguka, na ndipo maji yalipofunguka mbele yake. Kilima hicho bado kipo. Kazi yake ni ile ya mwanzo mwema wa hadithi: kumchelewesha msikilizaji kidogo ili apate hamu.

Maji ndiyo moyo wa mahali hapa. Suzhou ni mji wa mifereji, na ardhi ya bustani ilikuwa ya majimaji tangu awali. Wajenzi hawakupigana nayo, bali walichimba mahali palipoelekea kuwa bwawa, na udongo wakaurundika kuwa visiwa. Kando ya bwawa umesimama ukumbi mkuu, Yuanxiang Tang, yaani Ukumbi wa Harufu ya Mbali. Kuta zake za pande zote nne ni madirisha, hivyo aliyeketi ndani haiachi bustani nje. Harufu inayotajwa ni ya mayungiyungi, yanayochanua bwawani wakati wa kiangazi. Tangu mwanachuoni Zhou Dunyi aandike juu yake katika karne ya 11, ua hilo limekuwa nchini China mfano wa mtu mwadilifu, kwa sababu mizizi yake imo matopeni na ua lake ni safi. Fikiri juu ya mkaguzi aliyefukuzwa kazini akilitazama ua hilo kila siku.

Endelea nami hadi kwenye daraja liitwalo Xiao Feihong, Upinde Mdogo wa Mvua. Ni daraja lenye paa na vizuizi vyekundu, na kivuli chake majini ndicho kinachofanana na upinde wenyewe. Upande wa magharibi utakuta kibanda kilichojengwa kwa umbo la kipepeo cha mkono, cha kujipepea. Paa lake, dirisha lake, hata meza yake ya mawe, vyote vina umbo hilo. Jina lake ni swali: Nikae na nani? Vibanda vingi vya bustani hii vina majina ya namna hiyo, yaliyotolewa katika tungo za kale. Mwenye nyumba alitarajia mgeni wake awe amesoma, na kutembea humu kulikuwa kama kufungua kitabu.

Kabla hujaondoka, simama upande wa mashariki wa sehemu ya kati na utazame magharibi, juu ya urefu wote wa maji. Kwa mbali, kati ya miti, utaona mnara wenye ghorofa tisa. Ni pagoda ya Hekalu la Kaskazini. Haimo bustanini. Iko umbali wa zaidi ya kilomita moja, katikati ya mji, na haikupata kuwa mali ya Wang wala ya yeyote aliyemfuata. Lakini miti imepandwa na bwawa limenyooshwa kwa namna ambayo pagoda hiyo inaonekana kama imeota ukingoni mwa maji. Ufundi huu Wachina wanauita mandhari ya kuazima. Ji Cheng, mtaalamu aliyezaliwa karibu na Suzhou na kuandika kitabu cha Yuan Ye katika miaka ya 1630, aliuhesabu kuwa jambo kuu katika usanifu wa bustani. Uweke mnara huu akilini, tutaurudia mwishoni.

Mawe yenye kesi

Kila mahali humu utakutana na mawe ya ajabu, yenye matundu na mikunjo, yaliyosimamishwa kama sanamu. Hutoka katika Ziwa Tai, magharibi ya Suzhou, ambako maji yamekula chokaa kwa karne nyingi. Wapenzi wa mawe haya huyapima kwa sifa nne: wembamba, mikunjo, matundu yanayopitisha mwanga, na njia zinazopitisha maji kutoka juu hadi chini. Ni mazuri kweli. Lakini mawe ya namna hii yana kesi ya kujibu mbele ya historia, nayo ilitokea miaka 400 kabla ya Wang, katika mji huu huu.

Mfalme Huizong wa nasaba ya Song, aliyetawala kuanzia mwaka 1100, alikuwa mchoraji hodari na mwandishi wa hati nzuri. Alitaka kujenga katika mji wake mkuu, Kaifeng, bustani ya kilima ambayo haijapata kuonekana. Kwa ajili hiyo ilianzishwa ofisi Suzhou ya kukusanya mawe na miti, na Zhu Mian, mwenyeji wa Suzhou, akapewa kuisimamia. Watu wake waliingia katika nyumba za raia. Wakiona jiwe au mti wa kupendeza, waliupiga alama ya mfalme. Tangu hapo mwenye nyumba aliulinda kama mlinzi wa mali isiyo yake, na akiuharibu aliadhibiwa. Siku ya kuuchukua, kama mlango ulikuwa mdogo, ukuta ulibomolewa. Mashua zilizopaswa kubeba nafaka zilibeba mawe. Jiwe lilipokuwa kubwa mno, madaraja na malango ya miji yalivunjwa ili lipite.

Mwaka 1120 wakulima wa kusini mashariki waliasi wakiongozwa na Fang La, na hasira yao kubwa ilikuwa juu ya Zhu Mian na mawe yake. Uasi huo ulizimwa kwa umwagaji wa damu, lakini dola ilikuwa imechoka. Majeshi ya Wajurchen yalipoizingira Kaifeng, mawe ya bustani ya mfalme yalivunjwa yakawa ya kurushwa kwa adui, na paa waliofugwa humo wakachinjwa kulisha askari. Zhu Mian aliuawa mwaka 1126. Mwaka uliofuata mji ulikuwa umeanguka, na Huizong alichukuliwa mateka hadi kaskazini, akafia huko mwaka 1135.

Sisemi haya ili uyachukie mawe. Jiwe halikumnyang'anya mtu. Nasema ili ujue kwamba swali la raia mbele ya kila jengo zuri lina sehemu mbili: linapendeza kiasi gani, na lilipatikanaje? Anayeuliza sehemu ya kwanza peke yake ni mtalii. Anayeuliza ya pili peke yake hukosa furaha aliyostahili. Raia aliyeelimika huziuliza zote mbili.

Kuna watu wengine ambao swali hilo huwatoa gizani, nao ni mafundi. Vitabu vimehifadhi majina ya wamiliki na washairi. Lakini nguzo, mapaa yaliyopinda ncha kama mbawa, na nakshi za madirisha ni kazi ya maseremala na waashi wa Xiangshan, eneo lililo kando ya Ziwa Tai, ambako ufundi ulirithishwa kwa vizazi. Kuai Xiang, mmoja wao, alishiriki katika ujenzi wa kasri la mfalme kule Beijing katika karne ya 15. Mwaka 2009 UNESCO iliutambua ufundi wa Kichina wa kujenga kwa mbao, ukiwemo ule wa Xiangshan, kuwa urithi wa binadamu. Heshima hiyo ilichelewa, lakini ilifika.

Kutoka mkono hadi mkono

Sasa turudi kwa Wang. Mwaka 1533 rafiki yake Wen Zhengming, mmoja wa wachoraji wakubwa wa enzi hiyo, alichora mandhari 31 za bustani na kuziambatanisha na mashairi. Wen naye aliujua uchungu wa utumishi: alishindwa mitihani ya serikali mara nyingi, akapata kazi Beijing akiwa mtu mzima, na baada ya miaka michache akaiacha. Mwaka 1551, akiwa na umri wa miaka 81, alirudia kuchora baadhi ya mandhari hizo. Michoro minane ya wakati huo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York. Ukiitazama kazi yake utashangaa: miti ya matunda ni mingi, majengo ni machache, ua ni wa mianzi. Bustani tunayoiona leo, yenye kumbi na vibaraza, kwa sehemu kubwa ni kazi ya wamiliki waliofuata, hasa wa karne ya 18 na 19.

Nao walikuwa wengi. Inasimuliwa kwamba baada ya kifo cha Wang mwanawe aliipoteza bustani katika kamari, ikachukuliwa na ukoo wa Xu. Alichokijenga baba kwa miaka kilikwenda kwa usiku mmoja. Mwaka 1631 sehemu ya mashariki ilinunuliwa na ofisa mwingine, Wang Xinyi, akaitenga kuwa bustani yake mwenyewe. Nasaba ya Qing iliposhika madaraka mwaka 1644, sehemu ya kati ilikuja kununuliwa na Chen Zhilin, waziri katika serikali mpya. Aliitengeneza kwa gharama kubwa, ikasifika kwa miti yake ya kamelia. Lakini kazi ilimshikilia Beijing, kisha alituhumiwa, akahamishiwa kaskazini mashariki kama mfungwa, akafia huko. Inasemekana hakupata kuyaona maua ya bustani aliyoilipia.

Baada yake ilimilikiwa na mkwe wa jenerali Wu Sangui. Jenerali huyo alipoasi mwaka 1673, mali za jamaa zake zilitaifishwa, na mwaka 1679 bustani ikageuzwa kuwa ofisi ya serikali. Katika karne ya 18 Jiang Qi aliikuta imechakaa, akaitengeneza, akaiita Bustani Iliyorejeshwa. Mwaka 1860 majeshi ya Taiping, yaliyokuwa yakipigana na serikali ya Qing katika vita vilivyoua watu wasiopungua milioni 20 kwa makadirio ya wanahistoria wengi, yaliuteka mji wa Suzhou. Kamanda wao, Li Xiucheng, aliyeitwa Mfalme Mwaminifu, aliifanya bustani kuwa sehemu ya kasri lake. Mwaka 1863 mji ukarudi mikononi mwa Qing, na Li Hongzhang, aliyeongoza ushindi huo, akaweka ofisi yake pale pale. Mwaka 1877 mfanyabiashara Zhang Lüqian alinunua sehemu ya magharibi, akajenga ukumbi wenye madirisha ya vioo vya rangi.

Umechoka na majina, msomaji? Nimeyaorodhesha kwa makusudi. Hesabu ni familia ngapi zilizodhani kwamba zimeipata bustani hii milele.

Ya serikali na ya umma

Katika orodha hiyo kuna jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mengine. Kabla ya karne ya 20 bustani hii iliingia mikononi mwa watawala mara kadhaa: ilipokuwa ofisi baada ya 1679, ilipokuwa kasri la Taiping, na ilipokuwa ofisi ya Li Hongzhang. Kwa sheria za wakati huo ilikuwa ya serikali. Je, ilikuwa ya wananchi? Mfumaji wa hariri wa Suzhou, ambaye kodi yake ililipa mshahara wa wakubwa hao, hakuwa na ruhusa ya kuketi kando ya bwawa. Kuta zilikuwa zile zile, na bawabu alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni jina la bwana aliye ndani.

Katika lugha yetu ya kila siku huwa tunachanganya mali ya serikali na mali ya umma, kana kwamba ni visawe. Si visawe. Mali huwa ya umma pale raia anapokuwa na haki ya kuifikia, haki ya kujua inavyotumika, na wajibu wa kuitunza. Gari la ofisi linalowapeleka watoto wa mkurugenzi harusini ni la serikali, lakini siku hiyo si la umma. Kiwanja cha michezo cha kijiji kilichozungushiwa uzio ili kikodishwe ni cha serikali kwenye karatasi, lakini watoto wanaochungulia kwenye matundu wanajua ukweli.

Baada ya mapinduzi ya mwaka 1949, warithi wa Zhang waliitoa sehemu ya magharibi kwa taifa. Serikali ilizikarabati sehemu ya kati na ya magharibi, na mwaka 1952 milango ilifunguliwa kwa umma. Sehemu ya mashariki iliongezwa baadaye, na bustani iliyogawanyika kwa zaidi ya miaka 300 ikawa moja tena. Mwaka 1961 iliorodheshwa miongoni mwa maeneo yanayolindwa kitaifa. Leo mgeni hulipa kiingilio, na siku za sikukuu umati huwa mkubwa kiasi kwamba utulivu alioutafuta Wang haupatikani. Hilo nalo ni tatizo la mali ya umma: ikishakuwa ya wote, inaweza kuchakazwa na wote. Kufungua lango ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwafundisha wanaoingia kwamba wameingia kwao.

Sasa nakurudisha kwenye ule mnara wa mbali. Mwenye bustani aliuazima bila kuulipia, na watu wote wa mji wakauacha uonekane. Leo, mji ukiwa umekua na kuwa na mamilioni ya watu, mtu mmoja mwenye fedha angeweza kujenga ghorofa 30 kati ya bwawa na pagoda, na mandhari iliyodumu kwa karne nyingi ingefutika. Haikufutika kwa sababu kanuni za mipango miji zinazuia majengo marefu katika mji wa kale wa Suzhou. Yaani uzuri unaouona ukiwa umesimama ndani ya bustani unategemea uaminifu wa watu walio nje yake: mpimaji wa ardhi anayekataa bahasha, diwani anayesoma ramani kabla ya kupiga kura, mjenzi anayekubali kwamba kiwanja ni chake lakini anga si lake.

Huo ndio utawala wa asiye mjanja. Mjanja angepata njia ya kupandisha ghorofa zake. Asiye mjanja hubaki na kanuni, na mji wote unabaki na mandhari. Kuna usemi kwamba cheo ni dhamana. Dhamana ni kitu ulichokabidhiwa na mwenyewe, nawe utakirudisha. Wang Xianchen aliandika jina zuri juu ya lango akakifungia ndani alicho nacho. Imetuchukua karne nyingi kufika mahali ambapo jina hilo linaanza kuwa kweli.

Maswali ya kutafakari

1. Eleza tofauti kati ya mali ya serikali na mali ya umma kwa kutumia mfano mmoja kutoka mahali unapoishi.
2. Neno ujanja lina sifa na lawama ndani yake. Taja neno jingine la Kiswahili lenye tabia hiyo, ulitungie sentensi mbili.
3. Je, Wang Xianchen alifanya vyema kuondoka katika utumishi, au mtu mwadilifu anapaswa kubaki ofisini hata akionewa? Toa hoja zako.
4. Ni mandhari gani ya kuazima katika mji au kijiji chako, na ni nani mwenye wajibu wa kuilinda?